Safari ya Kupumzisha Masikio, Temeke hadi Pugu

Watu husafiri kwa sababu zinazojulikana: huyu kafuata mali, yule kafuata mke, mwingine mganga. Mie zote hizo nimesafiri, na mke nikampata. Lakini safari ambayo nyie wa nyumbani Unyanyembe mnaniuliza kila mkija ni ile niliyokwenda kutafuta mahali pasipo na kelele. Haikutoka nje ya Dar es Salaam na mashamba yake. Msicheke. Mtu aweza kutoka Tabora mpaka pwani na gari moshi, amelala, asione kitu. Mwingine akatoka Kariakoo mpaka Temeke kwa miguu yake, akaona mambo.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita vya pili vimekwisha, mji umejaa watu kama dagaa kapuni. Mie nilikuwa kazini relini. Kazi yangu wengi walikuwa hawaijui hata jina, walinionaga tu nikipita na nyundo wakadhani natafuta msumari wa kupigilia. Nyundo yangu ilikuwa nyepesi, mpini mrefu. Gari likisimama napita ubavuni mwake, nagonga kila gurudumu mara moja, nasikiliza. Gurudumu zima huimba: ngiii. Lenye ufa husema: ko, basi, kama mtu aliyekatwa kauli. Hilo likienda njiani na mabehewa ya watu, huko mbele litapasuka. Na ndani ya mabehewa hayo, kumbukeni, mlikuwa mnapanda nyie na kuku wenu.

Sasa mwaka ule sikio langu la kushoto likaanza kuimba lenyewe. Mwanzo kama nyenje mmoja, baadaye nyenje yule akawaita jamaa zake. La kulia nalo likaona wivu. Siku moja fomeni wetu akanisimamia nyuma nisimsikie. Alikuwa mtu mkali lakini si mbaya, na Kiswahili chake kilikuwa kimekatwakatwa kwa shoka.

"Maganga," akasema, "gurudumu moja kwa nini piga mara tatu?"

"Nahakikisha, bwana."

"Zamani hukuhakikisha. Zamani ulijua."

Maneno yale yaliniingia kuliko kofi. Dresa wa hospitali akanitazama masikio kwa kijitaa chake, akasema masikio yamechoka, nikayapumzishe, niache nyundo, niache ngoma, niondoke penye kelele. Fomeni akanipa livu, ruhusa ya kupumzika. Akaniambia siku nikirudi ataweka gurudumu bovu kati ya mazima, mbele ya watu wote. Nikilitambua, nyundo yangu. Nisipolitambua, nitapewa fagio, nyundo apewe mwingine. Mie fagio silidharau, fagio ni kazi na linalisha watoto. Lakini mtu ukishaishi kwa sikio lako, ukaambiwa sikio limekufa, hapo unaambiwa nini tena?

Kariakoo, nyumbani kwetu, kupumzisha masikio ilikuwa kama kukausha nguo mvuani. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita na ukumbi katikati, kila chumba wapangaji wake. Chumba cha mbele fundi cherehani, cha pili mtengeneza ndoo za bati. Nje muuza kahawa anagonganisha vikombe, ng'ambo ya barabara duka lina santuri imekwaruzika, inarudia neno moja tangu asubuhi. Mke wangu, Mwanahawa, ni Mzaramo, na mnajua sie Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu wanabeba mizigo ya pembe kuja pwani. Kwa hiyo mie nililala kitanda kimoja na mtani. Kelele nyingine hiyo.

Nikanunua sufi, ile ya kujazia mito, nikajiziba masikio. Mwanahawa aliponiona akashika kichwa.

"Baba Mwajuma! Toa hiyo!"

"Nini tena?"

"Pamba masikioni hutiwa maiti. Mtu mzima hajitii. Au umeshajiosha mwenyewe, bado kukuzika?"

Nikamwambia hii si pamba, ni sufi. Akasema malaika hawatauliza duka gani. Hata hivyo aliniviringia mkeka wake mzuri, akanifungia mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akanipa na kanga ya kujikinga jua. Akaniambia, "Nenda Temeke, mashambani kwa watu wetu. Kuna mikorosho, kuna upepo, hakuna santuri." Sufi nikaificha mfukoni.

Asubuhi nikashika njia ya Chang'ombe. Siku hizi mkisikia Temeke mnadhani ni mji. Wakati ule ukishapita Chang'ombe, barabara inakuwa mchanga, mchanga unakuwa njia ya watu wawili, na njia inaingia kwenye mikorosho na minazi, nyumba moja hapa, nyingine kule, kati yake mabonde ya mpunga. Nilikuwa na viatu vya kazi vizito. Nikavivua, nikavining'iniza begani, nikasikia mchanga baridi kwenye nyayo, nikajisemea Maganga, umefika peponi bila hesabu. Kila niliyekutana naye akanisalimu kwa kirefu: habari za utokako, za nyumbani, za watoto, za kazi, mpaka nikishapita bado anauliza. Nikaona hata salamu nazo ni kelele, Mungu anisamehe.

Nikapata mkorosho mmoja ukingoni mwa bonde, matawi yake yameinama mpaka chini kama chandarua. Nikatandika mkeka. Nikatia sufi masikioni. Nikajifunika kanga kichwani, nikainamisha uso magotini, nikakaa.

Kidogo palitulia. Nyenje walikuwemo kichwani, lakini dunia ya nje ilikuwa mbali. Sijui nilisinzia au vipi. Nilipofunua kanga, mkeka wangu umejaa watu.

Wallahi. Wazee wa kanzu na kofia upande huu, wanawake wamejitanda kanga upande ule, wote wameinamisha vichwa, na wengine wanakuja kwa njia ya bondeni. Mbele yangu kaketi mzee mfupi mwenye ndevu za mbuzi, nilikuja kujua anaitwa Mzee Kondo, mwenye mikorosho. Midomo yake inacheza. Nikatoa sufi sikio moja.

"...kazi ya Mungu haina makosa," alikuwa anasema. "Poleni sana."

"Pole ya nini, mzee?"

"Aliyetangulia ni nani? Mama au mtoto?"

"Hakuna aliyekufa."

Wakatazamana. Mwanamke mmoja akanong'ona, "Maskini, hajaamini bado." Kumbe bibi yule alipita na kuni, akanisalimu mara tatu sikumjibu, akaona mwanamume kajifunika kanga ya kike, peke yake juu ya mkeka, mchana wa kazi. Kwetu sie watu wa huku, mtu wa namna hiyo ni mfiwa, hakuna jina jingine. Mkeka ukitandikwa nje na mtu akainamisha kichwa, anayepita hupita kwa kukaa. Hata kama hakujui. Akaenda kuwaita wenzake, msiba wa mgeni ni msiba wa wote.

"Wazee wangu," nikasema, "mie mzima, kwangu wazima. Nimekuja kupumzika tu."

"Kupumzika hapa?" akasema Mzee Kondo. "Mtu anapumzika kwake, watu wakimwona. Akipumzika peke yake porini huyo anaumwa." Kisha akaliona sikio langu la pili bado limezibwa, akaruka nyuma. "Na pamba kajitia!"

Hapo palikuwa na kazi ya kueleza. Nikaeleza habari za nyundo, fomeni, dresa. Na katika kueleza mdomo wangu ukaponyoka, nikasema "sie Wanyamwezi."

Lo! Msiba ukageuka ngoma. Yule bibi wa kuni alikuwa wa kwanza.

"Mnyamwezi? Mtani! Mnyamwezi kafiwa kaja kulilia kwetu, kwao machozi wameyauza!"

"Sijafiwa, bibi."

"Basi utafiwa leo!" Akajitupa katikati ya mkeka, akalala chali, akavuta kanga yangu akajifunika uso. "Mie ndiyo maiti yake. Nizikeni upesi, na huyu alipie sanda!"

Wanawake wakaanza kulia kilio cha uongo, wananitaja kwa mabaya niliyofanya na ambayo sikufanya: nilivyomla paka wa jirani, nilivyobeba mzigo mpaka kichwa kikawa bapa. Mwingine akaikuta mihogo yangu. "Chakula cha hitima hiki!" Ikaisha. Mnajua mtani hazuiwi msibani, hiyo ndiyo kazi yake, na mie nikitaka kukasirika kicheko kinanizidi nguvu. Nilimwambia yule maiti, "Maiti gani anatafuna mhogo?" Akanijibu, "Wa kwetu. Wenu hata wakiwa hai hawapati."

Jioni wakanisindikiza mpaka barabarani kwa nyimbo. Sikio linavuma kuliko nilivyokuja. Mwanahawa alipopata habari, na aliipata kabla sijavua shati, alicheka mpaka akaketi chini. "Mkeka nilikupa wa kukalia," akasema. "Wewe umetangazia kifo."

Baada ya siku kidogo nikajaribu upande wa pili wa mji, Kinondoni. Mkeka safari hii nikauacha. Nikapita Magomeni, nikavuka bonde la Msimbazi, matope mpaka kwenye vifundo, nikatokea kwenye minazi. Kinondoni ya wakati ule ilikuwa minazi mitupu na nyumba za makuti zimejificha humo ndani, na upepo wa baharini unapita juu bila kushuka. Nikasema hapa sitakaa peke yangu kama maiti. Nitapiga hodi kwa mtu, niombe kivuli kwa adabu.

Nikapiga hodi kwa mama mmoja mtu mzima, Bi. Siwatu, aliyekuwa amekaa barazani anasuka makuti, na kando yake chungu ya nazi za kuuza.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona umekunja uso, umevuka na mamba?"

Nikamweleza shida yangu, natafuta pa kukaa kimya. Akasema amefurahi mno, kwani yeye ni mtu wa kimya, hapendi maneno, tangu marehemu mumewe alipofariki hajaongea na mtu. Kisha akaanza kuongea. Akaongea habari za mumewe, za mke mwenzie wa Msasani, za mbuzi, za mwenye shamba asiyerekebisha kisima. Mikono inasuka, mdomo unasuka. Kila nikifumba macho ananigusa goti, "Unanisikia?" Na nazi nazo, kila baada ya muda, moja inajiachia juu: puu! Roho inatoka. Nikauliza, "Haziangukii watu?" Akasema nazi ina macho. Labda. Lakini zile za kwake nilizihesabu kuwa na makengeza.

Sasa hapo ndipo jambo lilipoharibika. Akaja mnunuzi. Bi. Siwatu akaanza kumchagulia. Anachukua nazi, anaigonga kwa kifundo cha kidole, anaitikisa sikioni, anaiweka huku. Nyingine anaigonga, anaitikisa, anaitupa kule. Nikavutiwa. Nikamuuliza anasikia nini.

"Nzima ina maji, inacheza. Iliyoharibika ni bubu. Si hata mtoto anajua? Shika."

Akanipa mbili, nzima mkono huu, bovu mkono huu. Nikagonga. Nikatikisa. Nikasikiliza kwa sikio la kulia, nikasikiliza la kushoto. Nyenje tu. Nikagonga tena, na tena, mara tatu, kama alivyoona fomeni.

Bi. Siwatu alinyamaza. Siku nzima ile hakunyamaza ila hapo.

"Husikii," akasema pole pole.

"Sisikii, mama."

Mie niliyekuwa naweza kusikia ufa mwembamba kama unywele katika chuma cha Ulaya, nimeshindwa na nazi. Nikawaona nyie wa nyumbani mko ndani ya behewa, mnakula karanga, na mie nimewapitisha.

Bi. Siwatu akazipokea nazi zake kama anaokoa watoto. "Mwanangu, hapa kwangu hutapona, mie nina maneno. Nenda Pugu. Kule vilimani kuna msitu wa serikali hauingiwi ovyo. Marehemu alikuwa akisema ukikohoa kule, mti wa pili unakwambia pole."

Livu ilikuwa inakaribia mwisho. Jumamosi nikapanda lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu, likanifikisha Gongo la Mboto. Mwanahawa kanipa mkeka tena kwa nguvu. "Utalala chini kwa watu? Chukua. Lakini kichwa usifunike." Sufi alikuwa ameichoma. Kutoka Gongo la Mboto nikatembea, barabara nyekundu inapanda, na Dar es Salaam ikabaki nyuma, hata ukigeuka huioni. Nikaona hewa imebadilika, ina harufu ya majani mabichi. Mie mtoto wa bara, nikakumbuka kwetu.

Ukingoni mwa msitu nikapata nyumba, na nje yake mwanamume anachonga kinu. Alikuwa Mmakonde wa Newala, Mkristo, wakimwita Baba Yohana, mrefu, mpole, amechanjwa chale usoni. Mkewe Mama Yohana akanipa maji kabla hajaniuliza jina. Baba Yohana alikuwa anapiga shoka lake dogo: tok, tok. Nikamweleza habari yangu. Akaweka shoka chini pale pale.

"Leo nimalizie ukingo tu," akasema. "Kesho Jumapili, sipigi. Watu wote hapa hawapigi. Utapata kimya mpaka ukichoke."

Nikacheka. Nani anachoka kimya?

Asubuhi ya Jumapili wakaenda kanisani, wazee kwa watoto, wakaniachia nyumba na kuku. Nikachukua mkeka wangu nikaingia kidogo msituni, mahali penye miti mirefu na majani makavu chini. Nikatandika, nikakaa, kichwa wazi kama nilivyoagizwa. Na kweli, palikuwa hapana kitu. Hapana gari, hapana bati, hapana santuri, jani halichezi. Ndege mmoja aliita mara moja akaona aibu.

Basi nyenje wakatoka. Wale wa kichwani. Walikuwa wamejibanza nyuma ya kelele za mji siku zote zile, na sasa wamepata uwanja mtupu. Wakaimba, wakaimba. Nikajaribu kuimba mie niwashinde, sauti yangu ikanitisha. Nikagonga mti kwa jiwe, sikujua kama nimesikia au mkono ndio umeniambia. Kile kimya nilichokifuata tangu Temeke mpaka Kinondoni mpaka Pugu, kumbe ndicho kilikuwa tumbo la kelele. Nikajua sasa dawa hakuna. Kesho fagio. Nikainamisha kichwa magotini, na sioni haya kuwaambia, nililia.

Walinikuta hivyo. Wanatoka kanisani, wanapita njia ya mkato, wakaona mwanamume kwenye mkeka, peke yake, analia. Mie sikuwasikia kuja. Nilihisi tu mkeka unavutika kidogo, mtu kakaa. Kisha mwingine. Nikainua jicho: Baba Yohana, na suti yake ya kanisani, kakaa kwenye majani makavu kwa sababu mkeka umejaa. Mama Yohana, majirani, bibi mmoja aliyetokea nyumba ya jirani na ungo wake wa kunde.

Nikangojea maneno. Hayakuja. Kati ya kabila lake na langu hapana utani, kwa hiyo hapakuwa na wa kulala chali kudai sanda. Na sijui ni desturi ya Kusini au ni ya watu wale tu, hawakuuliza nani kafa. Hawakusema hata pole. Walikaa.

Nyenje wakaendelea. Lakini sasa palikuwa na vitu vingine, vidogo. Mtu akipumua. Mzee akikohoa, anakizuia kikohozi kwa mkono kama kitamtoka na adabu yake. Kitambaa kikijikunja goti likibadilishwa. Na yule bibi alikuwa anabambua kunde, maana msiba si sababu ya kunde kujibambua, na punje zikawa zinaangukia kwenye ungo. Tik. Tik, tik. Nikaanza kuzifuata. Punje nzima inaanguka tik. Ile iliyobunguliwa inaanguka fyi, haina mwili. Tik, tik, fyi, tik. Nikatulia nikizisikiliza, kama mtu anayefuata nyayo mchangani, na mahali fulani njiani nyenje wakabaki nyuma. Hawakufa. Walibaki nyuma tu.

Nikalala. Mie niliyekuwa sijalala usingizi wa kweli tangu mvua za mwaka, nililala katikati ya watu nisiowajua, mchana kweupe.

Nilipoamka jua limeinama, na bado wapo. Kunde zimekwisha. Baba Yohana ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Ni nani, ndugu?"

Nikaona aibu. "Si mtu, Baba Yohana. Nilikuwa nalilia sikio langu."

Nikasubiri wacheke, kama Temeke. Akafikiri kidogo, akavuta shingo ya shati lake.

"Basi tumelikalia sikio matanga," akasema. "Nalo lilikuwa lako."

Mama Yohana akasema twende tukale kunde. Tukala kunde. Na ndiyo habari ya Pugu.

Kesho yake asubuhi niliporudi kazini, uwanja wa reli ulikuwa kama ulivyo siku zote: karakana inafua chuma, injini inapiga mvuke, vibarua wanatupa vyuma chini, mmoja anaimba. Fomeni ameshapanga mabehewa kwenye njia ya pembeni. Wenzangu wamekuja kutazama, na miongoni mwao Mzaramo mmoja wa kupakia makaa, mtani wangu, Salumu, amebeba fagio begani ananionyesha. "Mnyamwezi, mchumba wako huyu!"

Nikagonga gurudumu la kwanza. Kelele zikameza sauti yake. Nikagonga la pili. Nyenje. Mkono ukaanza kutaka kugonga tena, na fomeni ananitazama mkono.

Nikaiweka nyundo chini. Mkeka nilikuwa nao, sikuwa nimepita nyumbani, nimetoka na lori la alfajiri moja kwa moja. Nikautandika kando ya reli, juu ya kokoto. Nikaketi. Nikavuta shati kichwani, nikainamisha uso magotini. Neno sikusema. Sikusema nimefiwa, sikusema sijafiwa. Nilitandika mkeka tu.

Alinyamaza kwanza yule aliyekuwa anaimba. Kisha Salumu, nikasikia fagio linalazwa chini taratibu. Vibarua wa vyuma wakaacha. Mtu akaenda mlangoni mwa karakana akasema neno, na nyundo za mle ndani zikaisha moja moja, kama mvua inavyoacha bati. Hata dereva wa injini alifunga mvuke, akateremka akavua kofia. Wazaramo, Wangoni, Wamanyema, Wahaya, wote wale, na hakuna aliyejua nani kafa. Wakakaa kwenye reli, kwenye magunia, kwenye kokoto. Fomeni naye, mtu wa ng'ambo asiyejua habari zetu, alisimama amekunja mikono, lakini hakuthubutu kusema.

Nikangojea mpaka nisikie mtu akipumua. Nikamsikia.

Nikainuka, nikaokota nyundo. Nikagonga: ngiii. Nikasogea. Ngiii. Ngiii. Behewa la pili, ngiii, safi, unaweza kuolea. Behewa la tatu, la nyuma mkono wa kulia, nikagonga mara moja.

Ko.

Sikugonga tena. Nikaegemeza nyundo pale.

Salumu akashindwa kuvumilia. "Mtani, tuambie basi, nani kafariki?"

"Huyu hapa," nikasema.

Kwanza hawakuelewa. Fomeni akainama, akalipapasa gurudumu, akapata alama yake ya chaki aliyoificha kwa nyuma, akainuka akanitazama. Hapo Salumu akapiga ukelele, akajitupa chini akalikumbatia lile gurudumu, "Ewe ndugu yangu, umetuachia nani!", na uwanja mzima ukaangua kicheko, na nyundo zikaanza upya, na injini, na yule wa kuimba akaanza pale alipoachia. Kelele zile zilinipendeza, ajabu.

Nyundo nilikaa nayo mpaka Mwingereza akaondoka, na baadaye. Sikio la kushoto halikurudi, nisiwadanganye, lile lilikufa kweli na limekwisha kukaliwa. La kulia lilinitosha.

Kwa hiyo mkija Dar es Salaam mkaniuliza wapi pa kupumzika, nitawaambia Temeke kuna kivuli, Kinondoni kuna upepo ila mtazame juu, na Pugu kuna kimya, lakini msiende peke yenu. Kimya cha msituni mie kilinishinda. Nilichopona nacho ni kile ambacho watu wamekaa wakakufanyia, kila mmoja kakizuia kikohozi chake kwa ajili yako. Hicho hata Kariakoo kinapatikana. Mkeka wa Mwanahawa upo mpaka leo, umechanika pembe moja kwa zile kokoto, na mwenyewe hunikatalia kuutoa nje mchana. Anasema watu watakuja.